Wenye Nyumba Waitwe Kwenye Kikao cha Afya

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, Halmashauri ya Wilaya ya Same huandaa Mpango Kabambe wa Afya. Hati hiyo ndiyo inayoamua dawa kiasi gani zinunuliwe, zahanati ipi ikarabatiwe, na chanjo zifikishwe vipi vijiji vya mlimani. Rasimu yake huandikwa na timu ya Mganga Mkuu wa Wilaya: muuguzi mkuu, mfamasia, mtaalamu wa maabara, daktari wa meno, afisa afya, afisa ustawi wa jamii, katibu wa afya. Juu yao ipo Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri, yenye wawakilishi wa wananchi, wa watoa huduma binafsi na wa mashirika ya dini. Chini yao zipo kamati za usimamizi za vituo vya afya na zahanati. Utaratibu huu ni mzuri na umegharimu miaka mingi ya mageuzi. Lakini katika ngazi zote hizo hakuna kiti kilichotengwa kwa ajili ya yule anayewapa watu mahali pa kulala.

Gazeti hili linauona upungufu huo kuwa ni wajibu usiotimizwa. Halmashauri inayopanga kutibu malaria bila kumsikia anayejenga madirisha, au inayopanga kutibu kifua kikuu bila kumwita anayepangisha vyumba, imejiandaa kupokea wagonjwa walewale mwaka hadi mwaka na kuwahesabu upya.

Itazameni Hedaru. Mji umekaa chini ya milima ya Upare wa kusini, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha na reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Upande mmoja ni milima, upande wa pili ni tambarare kavu la bonde la mto Pangani. Familia hushuka kutoka Vunta na vijiji vingine vya juu kutafuta soko na shule za watoto. Wafugaji huja na mifugo, madereva hulala, walimu na wauguzi huhamishiwa hapa wakiwa na mabegi mawili na barua ya uhamisho. Wote hao wanahitaji paa. Anayewapa ni mjane mwenye vyumba vitatu vya uani, ni mwenye gesti kando ya lami, ni kanisa lenye bweni la wanafunzi, ni shamba la mkonge lenye makambi ya wafanyakazi, ni halmashauri yenyewe kwa zile nyumba chache za watumishi, ni serikali ya kijiji inayogawa viwanja, na ni fundi anayemshauri mteja wake dirisha liwe pana kiasi gani. Hao ndio watoa makazi wa Hedaru. Wameamua mambo mengi kuhusu afya ya mji huu kabla mgonjwa hajafika kwenye kituo cha afya, na hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kusema wanachokijua.

Yale ambayo nyumba inaweza kumfanyia mtu yanafahamika. Mbu aenezaye malaria hupenya kwenye uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa. Papasi, mwenye homa yake ya kurudi-rudi, hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta zisizopigwa lipu. Moshi wa mafiga katika chumba kisicho na pa kutokea huchoma mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Choo kimoja cha shimo kinachotumiwa na wapangaji wa vyumba vyote vya ua mmoja, bila maji ya kunawa, ni kuhara kunakosubiri mvua. Na kifua kikuu huenea pale watu wengi wanapolala chumba kimoja kisichopitisha hewa. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndio wenye Kibong'oto, hospitali iliyoanza kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926 na ambayo leo nchi nzima inaitegemea kwa kifua kikuu sugu. Mgonjwa anatolewa huko akiwa amepona, kwa gharama kubwa ya serikali, kisha anarudi kulala kwenye chumba kilekile chenye dirisha lililozibwa kwa gunia. Nani alimuuliza mwenye chumba kwa nini dirisha limezibwa? Huenda lilizibwa kwa sababu ya wezi. Huenda kwa sababu ya baridi, au kwa sababu nondo na wavu vingempandishia gharama hadi mpangaji ashindwe kodi. Sababu hizo hazimo katika mpango wowote wa afya, kwa kuwa anayezijua hakuwemo chumbani ulipoandikwa.

Wilaya hii ina kumbukumbu yake ya jambo hili, na inasikitisha kuona jinsi ilivyosahaulika. Kati ya mwaka 1954 na 1959, Upare na Taveta ng'ambo ya mpaka zilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa malaria uliosimamiwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara. Kuanzia mwaka 1955 nyumba za maeneo ya tambarare zilipuliziwa dawa ya dieldrin kwenye kuta za ndani, awamu baada ya awamu. Matokeo yalikuwa makubwa. Malaria ilishuka sana, na mbu wa aina ya funestus, mmoja wa waenezaji wakuu wa ugonjwa huo, alitoweka katika eneo hilo. Kisha upuliziaji ukasimamishwa. Kwa miaka michache watafiti walirudi tena na tena kupima, na walichoandika ni kwamba mbu waliongezeka upya na ugonjwa ukarudi.

Katika mradi ule ukuta ulipuliziwa dawa, lakini nyumba ilibaki vilevile. Wataalamu wa dawa za wadudu wa miaka hiyo walikwishajua kwamba udongo wa kuta za Afrika Mashariki hunyonya dawa na kuidhoofisha, na kila mwenye nyumba ya fito na udongo anajua kwamba ukuta hukandikwa upya, na kukandika upya ni kuifunika dawa. Maarifa hayo yalikuwa mikononi mwa wenye nyumba wenyewe. Wao walitakiwa kutoa vyombo nje, kufungua milango na kusubiri. Hawakuulizwa kitakachofuata dawa ikiisha. Lau sehemu ndogo ya juhudi ile ingeelekezwa kwenye dari, wavu wa dirishani na kuziba uwazi wa paa, kwa makubaliano na waliokuwa wakijenga, Upare ungebaki na kitu mkononi baada ya wataalamu kufunga mizigo. Leo tunagawa vyandarua na kupima kwa vipimo vya haraka, na yote hayo ni ya lazima. Lakini mwenye nyumba bado anasubiri nje.

Mashamba ya mkonge yanatufundisha upande mwingine. Kwenye mashamba yaliyofuata reli ya Tanga tangu enzi za Wajerumani, mwajiri alikuwa pia mwenye nyumba. Manamba walioletwa kutoka mbali walipewa chumba kambini, na mashamba makubwa yaliwapa zahanati hukohuko. Chumba na dawa vilitoka kwa mkono mmoja. Mkono huo haukuwa wa huruma: ulipanga makazi kwa hesabu ya kazi, na mfanyakazi hakuwa na kauli. Kwa hiyo hatuwaiti watoa makazi kikaoni tukidhani kwamba mwenye nyumba ni mtu mwema kwa asili yake. Tunawaita kwa sababu wana mamlaka juu ya afya za watu, na mwenye mamlaka ya namna hiyo lazima akae mahali anapoweza kuulizwa maswali na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ushahidi wa nyumba bora hauhitaji kutafutwa mbali. Kijijini Magoda, wilayani Muheza, mkoa wa jirani wa Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa, wavu madirishani na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa kutoka chini. Ndani yake mbu walipungua na joto likapungua pia. Jambo hilo la joto si la kupuuzwa, kwa sababu mtu hulala bila chandarua pale chumba kinapochoma. Kutoka hapo wazo lilipelekwa Mtwara, zikajengwa nyumba 110 za ghorofa moja juu, zenye choo bora, tangi la maji ya mvua na jiko lisilojaza moshi. Watoto waliolelewa humo waliugua malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa kidogo kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Maarifa hayo yamezaliwa katika nchi yetu. Swali la kuiuliza Same ni hili: fundi gani wa Hedaru ameonyeshwa michoro hiyo? Mwenye vyumba gani ameelezwa ni sehemu ipi ya nyumba ile anaweza kuimudu mwaka huu, na ipi mwaka kesho? Tunaamini hakuna, kwa sababu hakuna ofisi iliyopewa kazi ya kumwambia.

Kuna pia suala la nyumba ya mtumishi, ambalo viongozi hulitaja kwenye hotuba na kulisahau kwenye bajeti. Mkunga anayeitwa saa nane usiku hawezi kufika kwa wakati ikiwa amepanga mbali na zahanati. Vijiji vya juu, ambako barabara hukatika masika, hupoteza wauguzi kwa sababu hiyo pia. Taasisi ya Mkapa ililiona hili mapema, ikajenga nyumba za watumishi wa afya katika wilaya zenye mazingira magumu, na Watumishi Housing iliundwa mwaka 2013 kwa ajili ya makazi ya watumishi wa umma. Hatua hizo ni nzuri. Lakini katika kata nyingi, nyumba itakayombakiza muuguzi ni ya mwanakijiji, yenye vyumba viwili vya kupangisha. Mwanakijiji huyo, akiitwa na kuelezwa kwamba zahanati yao inatarajia mtumishi, anaweza kuweka sakafu ya saruji na mlango imara. Asipoelezwa, hataweka. Hapo kikao kimoja tu kingeweza kuokoa maisha ya mama na mtoto, na kisipoitishwa kuna mtu mwenye cheo na mshahara ambaye hakuitisha.

Mlimani, makazi na uhai vimeshikana kwa namna ya kutisha zaidi. Novemba 2009, mvua kubwa iliporomosha mlima kijijini Goha, kata ya Mamba Myamba, wilayani humu humu, na zaidi ya watu 20 walifukiwa na kufa ndani ya nyumba zao. Desemba 2023 taifa zima lililia na Katesh, chini ya mlima Hanang, kwa maporomoko kama hayo. Sehemu za Hedaru zilizo karibu na makorongo yanayoteremka kutoka mlimani zinafahamika na kila mzee wa mji. Kiwanja kinapogawiwa kando ya korongo, mpango wa afya umeguswa: kutahitajika machela, damu, dawa za kutibu maji, na mahali pa kuzikia. Hata hivyo anayegawa kiwanja na anayepanga machela hawakai pamoja. Mmoja yuko chini ya masuala ya ardhi, mwingine chini ya afya, na katika ngazi ya taifa kila mmoja ana wizara yake. Halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI, ndiyo mahali pekee ambapo ofisi zote mbili zina mkurugenzi mmoja. Hivyo haiwezi kusema kwamba mamlaka ya kuwaketisha pamoja yako kwingine.

Tatizo hili si letu peke yetu. Uingereza, Aneurin Bevan alipokuwa Waziri wa Afya kuanzia mwaka 1945, nyumba na hospitali vilikuwa ndani ya wizara yake moja, na huduma ya afya ya taifa ilipoanza tarehe 5 Julai 1948 waziri aliyeisimamia ndiye aliyesimamia pia ujenzi wa nyumba za umma. Mwaka 1951 nyumba ziliondolewa katika wizara hiyo. Sheria yao ya mwaka 2022 ilipounda bodi 42 za kupanga huduma za afya kwa kila eneo la England, ilitaja viti vya hospitali, vya madaktari wa ngazi ya chini na vya serikali za mitaa, lakini haikutaja kiti cha watoa nyumba, nao hadi leo wanaomba wasikilizwe. Nchi tajiri ilitenganisha vitu viwili vilivyokuwa pamoja na sasa inahangaika kuviunganisha. Sisi tunaweza kuviunganisha kwa barua ya Mkurugenzi Mtendaji.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Watasema mwenye nyumba akipewa kiti atakitumia kujilinda, atapinga ukaguzi, atasema kila wavu ni gharama ya kupandisha kodi ya pango. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kumketisha mpangaji kando yake, mwenye haki sawa ya kusema, na kuandika kila ahadi kwa jina la aliyeitoa. Watasema pia kwamba wenye nyumba wengi wa Hedaru ni maskini kuliko wapangaji wao. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu hasa ya kuwasikiliza. Leo mwenye nyumba humwona afisa afya siku ya ukaguzi wa choo, akiwa na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 mkononi na karipio mdomoni. Sheria ni ya lazima na tunaiunga mkono bila kusita. Lakini mwanamke mwenye vyumba vitatu hawezi kuchimba shimo la pili kwa sababu amekaripiwa. Anaweza kulichimba ikiwa mpango wa wilaya umemwandika, umemkutanisha na fundi, na umemweleza achimbe umbali gani kutoka kwenye maji.

Nchi hii imewahi kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadili, na vikundi vikatoka nje kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu kwenye nyua zao wenyewe. Haikuwa kampeni ya hospitali. Ilianzia uani kwa mtu. Miaka hiyohiyo operesheni ya vijiji iliwahamisha watu kwa amri, ikiwaahidi maji na zahanati, na pale ambapo wahamishwaji hawakuulizwa, vijiji vingine viliwekwa mahali pasipofaa kuishi. Mifano yote miwili ni ya serikali ileile na watu walewale. Kilichotofautiana ni kama wenye nyumba walihesabiwa kuwa watu wenye akili.

Same haipaswi kufundishwa hili na mtu yeyote. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakapiga kambi makao makuu ya wilaya kuipinga kodi ya mbiru. Profesa Isaria Kimambo ameyaandika hayo. Watu wale hawakukataa kulipa. Walikataa kukadiriwa na kuamuliwa bila kusikilizwa. Na kwa mamia ya miaka ndiva za Upare, yale malambo ya maji ya kumwagilia, zimegawa maji kwa zamu zilizokubaliwa kati ya anayelima juu na anayelima chini, na kuzibuliwa kwa msaragambo ambao kila nyumba inatoa mtu. Wilaya yenye desturi hiyo haina udhuru wa kuandika mpango wa afya ambao nusu ya wenye dhamana hawaujui.

Kwa watoa makazi wenyewe tunasema bila kupaka mafuta: kiti hiki ni mzigo. Atakayekaa hapo ataulizwa vyumba vyake vina watu wangapi. Ataulizwa kwa nini mpangaji wake wa chumba cha mwisho anakohoa wiki ya sita na hakuna aliyemwambia aende kupima. Mwenye gesti ataulizwa kuhusu vyandarua na maji ya kunawa. Shamba la mkonge litaulizwa hali ya makambi yake. Kanisa litaulizwa vitanda vimesogezana kiasi gani bwenini. Na serikali ya kijiji itaulizwa iligawa kiwanja kile cha korongoni kwa muhtasari upi. Asiyekuwa tayari kujibu asikae, lakini ajue kwamba jina lake litatajwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa aliitwa akakataa. Kupokea kodi ya pango kila mwezi ni kupokea dhamana ya mtu anayelala chini ya paa lako. Haiwezekani kuchukua fedha na kuikana dhamana.

Nyenzo tayari zipo. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi, unafanya vyoo bora viwezekane mahali ambapo zamani ilikuwa ni ndoto. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wa taifa wa Januari 2024 umelenga wafike zaidi ya 137,000, wanaingia nyumba kwa nyumba na kuona kile ambacho daktari haoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 italipia matibabu ya mamilioni, na kila malaria iliyozuiwa dirishani ni fedha ambayo mfuko huo hautaitoa. Hakuna kati ya hayo linalohitaji sheria mpya ili mwenye nyumba aitwe kikaoni. Timu ya Mganga Mkuu inaweza kualika wajumbe wa ziada sasa hivi.

Kwa hiyo tunataka hatua hizi zichukuliwe kabla ya rasimu ijayo kufungwa. Kamati ya Maendeleo ya Kata ya Hedaru iitishe kikao cha watoa makazi na wapangaji, na wachague wenyewe wawakilishi wawili, mmoja wa kila upande, angalau mmoja wao akiwa mwanamke. Kamati ya usimamizi ya kituo cha afya iwapokee katika vikao vyake vya kawaida. Afisa ardhi na afisa mipango wakae na Mganga Mkuu siku ya kuandika, na ramani ya makorongo iwe mezani. Mpango uwe na ukurasa wa makazi wenye kazi, gharama na jina la mhusika, na taarifa ya utekelezaji isomwe mbele ya Baraza la Madiwani kila robo mwaka. Sekretarieti ya Mkoa, Moshi, iukague ukurasa huo kwa Same na kwa wilaya nyingine zote za Kilimanjaro, na mpango utakaokuja bila ukurasa huo urudishwe. Barua ya kwanza ni ya Mkurugenzi Mtendaji. Nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, Hedaru, ikiwa na tarehe ya kikao.